Pampu ya Matope ya Inchi 3: Tathmini Baada ya Kimbunga Shaheen, Al Khaburah

Pampu ninayoiandikia hapa ni ya petroli, ina midomo ya inchi 3, na ni ya aina iliyotengenezwa kwa maji machafu yenye taka, si ya kumwagilia shamba. Niliinunua mjini Sohar, kaskazini mwa Oman, siku ya Jumatano, tarehe 6 Oktoba 2021, siku ya tatu baada ya Kimbunga Shaheen kuingia nchi kavu baina ya Musannah na Suwaiq, kwa ajili ya nyumba ya ami yangu iliyoko Al Khaburah. Nililipa riali 148 kwa pampu na riali 39 kwa mipira ya kupitishia maji. Chapa yake siitaji, kwa sababu pampu za namna hii zinazouzwa Batinah, yaani pwani hii ya kaskazini, zinafanana kama mapacha, na kinachobadilika baina ya moja na nyingine aghalabu ni rangi ya tangi na karatasi iliyobandikwa ubavuni. Kwa wenye haraka, hukumu yangu ni hii: pampu ni nzuri kwa bei yake na ningeinunua tena, lakini duka lililoniuzia lilinipotezea siku nzima, na asiyejua tofauti ya pampu ya maji na pampu ya matope atanunua mara mbili.

Ili tofauti hiyo ieleweke, inafaa kwanza kueleza mafuriko ya jangwani yanakuwaje. Batinah ni tambarare iliyobanwa baina ya Milima ya Hajar na bahari, na mvua zake ni chache kiasi kwamba mtu anaweza kuzikumbuka moja moja. Muscat hupata takriban milimita 100 kwa mwaka mzima. Al Khaburah ilipata milimita 369 kwa kimbunga kimoja. Milima ya Hajar ni mawe matupu yasiyo na udongo wa kunywa maji wala misitu ya kuyachelewesha, hivyo mvua yote huteremka kwenye wadi, ambazo siku nyingine zote ni njia kavu za kokoto ambamo watu hupitisha magari na kuchunga mbuzi. Ardhi ya tambarare nayo, ikishapigwa na jua kwa miezi, hufanya gamba gumu, na maji yanayofika mwanzo huteleza juu yake badala ya kuzama. Yanapofika kwenye makazi huwa yamebeba udongo laini, changarawe, matawi ya migunga na mali za watu wa juu. Kwa hiyo kilichoingia nyumbani kwa ami hakikuwa maji yaliyokosa njia, bali uji wa rangi ya kahawa yenye maziwa, na uji huo ndio unaoamua pampu gani ifanye kazi.

Jambo jingine lililoathiri ununuzi ni kwamba hakuna aliyekuwa amejiandaa upande ule wa nchi. Vimbunga vya Bahari ya Arabu vikija Oman mara nyingi huelekea kusini, kama Mekunu kilivyofanya Mei 2018 kilipotua karibu na Raysut na kuizamisha Salalah. Shaheen, ambacho jina lake lilitolewa na Qatar na maana yake ni kozi, yule ndege mwindaji, kilizaliwa kutokana na mabaki ya Kimbunga Gulab, kilichopiga pwani ya mashariki ya India, kikavuka bara lile lote, kikapata uhai mpya baharini upande wa pili, kisha kikaingia Ghuba ya Oman na kupinda kuja kwetu. Zaidi ya watu 10 walipoteza maisha nchini. Matokeo yake madukani yalikuwa haya: Sohar, mji unaohudumia maelfu ya mashamba, ulikuwa na pampu za umwagiliaji zilizopangwa hadi darini, na pampu za matope za kuhesabika.

Nyumba ya ami, kama nyingi za Batinah, imezungukwa na ukuta wa matofali unaompita mtu mzima kwa kimo. Ukuta ule ulizuia maji ya wadi kwa muda ambao watu walikuwa wakipandisha magodoro na magunia ya tende kwenye dari, lakini lango liliposalimu amri, ukuta huohuo uliokuwa ngao ukageuka kuwa ubavu wa ndoo. Ua una eneo la mita za mraba 400 hivi. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja, kwa hiyo mvua iliyoanguka ndani ya ukuta peke yake ilikuwa karibu lita 148,000, bila ya kuhesabu kilichopita langoni. Majirani wawili walitoboa kuta zao, na kusema kweli hiyo ndiyo pampu ya bei nafuu kuliko zote. Lakini barabara ya nje ya ukuta wa ami iko juu kuliko ua, na kutoboa kungeongeza maji badala ya kuyapunguza.

Siku ya Jumanne tulijaribu pampu ya shamba ya inchi 2, ambayo ami huitumia kuvuta maji ya kisima. Ni mashine ya kuaminika ambayo imemwagilia mitende kwa miaka mingi, lakini vipande inavyoweza kupitisha ni vya milimita chache tu, na chujio lake lilikuwa likiziba kila baada ya dakika mbili au tatu. Kwa uchovu na hasira tukaliondoa chujio. Baada ya dakika 20 kokwa za tende zilikwama kwenye pangaboi linalosukuma maji, sili ya kuzuia maji yasipenye ikaanza kuvuja, na mashine ikanyamaza. Kosa lilikuwa letu, na ninalieleza kwa kuwa niliona nyumba tatu nyingine mtaani zikilifanya siku ileile.

Duka la Sohar lilikuwa na foleni hadi barabarani. Kijana muuzaji alinielekeza moja kwa moja kwenye pampu yenye nguvu nyingi za farasi, ambayo kwa kuitazama nje sikuona tofauti yake na ile iliyokufa nyumbani isipokuwa ukubwa. Aliyeniokoa alikuwa mzee mmoja fundi, aliyekaa juu ya kreti akisubiri vipuri vyake, ambaye alinisikia nikizungumza Kiswahili na binamu yangu akatuuliza sisi ni wa wapi. Yeye mwenyewe alizaliwa Tabora, na Kiswahili chake kilikuwa kizuri kuliko changu. Akasema: "Mwanangu, nguvu za farasi achana nazo. Mwambie akufungulie tumbo lake." Pampu ya matope ina mfuniko wa mbele unaofunguliwa kwa mkono, kwa kulegeza vishikio vinne bila ya spana yoyote, na ndani yake pangaboi lina mabawa machache yaliyoachana, yanayopitisha kipande cha ukubwa wa kidole gumba. Pampu ya maji safi hufungwa kwa boliti, na njia zake za ndani ni nyembamba. Yule kijana alijaribu kufungua tumbo la pampu aliyotuchagulia, akashindwa, na hapo pakawa hapana mjadala. Ilibaki moja tu ya matope, ndiyo tuliyoichukua.

Malalamiko yangu juu ya duka hilo, ambalo silitaji, yanahusu mipira. Pampu yoyote ya namna hii inahitaji mipira miwili isiyofanana: wa kunyonyea, ambao lazima uwe mgumu na wenye mbavu za plastiki au waya ndani, na wa kutolea, ambao unaweza kuwa bapa kama ule wa zimamoto kwa sababu maji yenyewe huupanua. Muuzaji alitukatia mpira bapa kwa pande zote mbili. Tulipofika Khaburah jioni na kuiwasha mashine, mpira wa kunyonyea ulijikunja na kugandana kama mfuko wa barafu unapofyonzwa na mtoto, na hakikutoka hata kikombe kimoja upande wa pili. Nilipopiga simu niliambiwa kwamba mpira ni mzima, kwamba umeshaingia matope, na kwamba haurudishwi. Maneno yote matatu yalikuwa kweli, lakini hakuna hata moja lililojibu swali langu. Alhamisi asubuhi tulipata mpira wenye mbavu kwingineko kwa riali 14, na kazi ikaanza saa sita mchana badala ya usiku uliotangulia, huku maji yakiendelea kupanda kwenye plasta ya kuta za majlisi, chumba cha wageni, kama mafuta kwenye utambi.

Tangu hapo sina la kuilaumu mashine yenyewe. Karatasi ya ubavuni inasema lita 1,000 kwa dakika. Baada ya kazi kwisha nilipima kwa tangi la lita 1,000, nikitumia mpira wa kutolea wa mita 20 unaopanda ukuta, nalo lilijaa kwa dakika moja na sekunde 45, yaani chini kidogo ya lita 600 kwa dakika. Sioni kuwa ni udanganyifu. Nambari ya karatasini ni ya pampu isiyoinua maji kokote, na kila mita ya kupanda na kila kona ya mpira hula sehemu ya nguvu. Mnunuzi afanye hesabu zake kwa kiasi kidogo zaidi ya nusu ya kinachoandikwa, hatajuta. Kwa kasi hiyo ua ulipungua kutoka magotini hadi vifundoni kabla ya usiku kuwa mkubwa, kwa petroli isiyozidi lita mbili kwa saa. Kokwa za tende zilipita, kokoto ndogo zilipita, kandambili ya mtoto haikupita, na kuitoa kulichukua dakika nne kwa sababu ya ule mfuniko wa mbele. Kwangu mimi mfuniko huo una thamani ya nusu ya bei yote.

Ugumu ulianza maji yalipofika vifundoni, kwani pampu ilianza kunyonya hewa. Tulichimba shimo kwenye pembe iliyo chini kuliko nyingine, tukatumbukiza humo kapu la makuti, na chujio tukaliweka ndani ya kapu ili kapu lizuie takataka kubwa kabla hazijafika kwenye chujio. Ujanja huu ulikuwa wa ami, na ulifanya kazi vizuri kuliko chochote nilichonunua dukani. Nilipomwambia kwamba Gonu, jina la kimbunga cha mwaka 2007, lilitolewa na Maldivi na kwa lugha yao ni mfuko uliosukwa kwa majani ya mnazi, alicheka kwa mara ya kwanza tangu Jumapili.

Hata hivyo, pampu ya matope haivuti matope yaliyotulia. Inavuta maji yenye matope, maadamu yanatembea. Tulihitaji watu sita wenye majembe na mifagio ya mpira ya kusukumia maji, wakivuruga na kusukuma kuelekea shimoni bila ya kusita, na watu hao hawakuwa wetu: walikuwa vijana wa kujitolea, kama walivyomiminika Batinah wiki ile kutoka pembe zote za nchi, waliokuja na majembe yao na maji yao ya kunywa, wakafanya kazi hadi alasiri na kuondoka bila ya kutwambia majina. Kilichobaki baada ya hapo, tope zito la kina cha kiganja ndani ya vyumba vitatu, kilitolewa kwa sepetu na toroli. Kwa kazi hiyo hakuna pampu ya bei hii itakayokusaidia, na muuzaji anayesema vinginevyo hajawahi kuingia kwenye nyumba iliyofurika.

Kuna mambo matatu ambayo kijitabu cha maelezo kiliyataja kwa herufi ndogo mno, au hakikuyataja kabisa. La kwanza ni moshi. Injini hii isiwashwe ndani ya nyumba, wala kwenye baraza iliyofungwa pande tatu, hata kama mpira ni mfupi, kwani gesi ya kaboni monoksidi inayotoka kwenye eksozi haina harufu ya kumwonya mtu na huua watu waliojiona wamesalimika na mafuriko. Nunua mpira mrefu zaidi. La pili ni tangi la maji lililofukiwa ardhini, ambalo nyumba nyingi za Oman zinalo. Maji ya mafuriko yanapoingia humo, hamu ya kwanza ni kulimaliza na kuliosha. Lakini ardhi ya nje ikiwa bado imeshiba maji, tangi tupu la plastiki au faiba huelea kama mtumbwi na kupasua sakafu iliyo juu yake. La jirani lilijitokeza Ijumaa usiku kwa kishindo tulichodhani ni ukuta unaanguka. Letu tuliliacha na uchafu wake kwa wiki mbili.

La tatu ni kwamba pampu iliyovuta maji ya mafuriko isitumiwe kamwe kuhamishia maji ya kunywa, wala mipira yake. Jambo hili laonekana dogo hadi mtu akumbuke Juni 2007, pale Gonu, kilichoua watu wapatao 50 nchini Oman, kilipoisimamisha mitambo ya kuchuja chumvi ya Ghubrah na Barka, na Muscat ikawa na maji hadi madirishani bila ya kuwa na maji bombani. Jamaa zangu wa Qurm, mtaa wa Muscat, walikuwa wakivuta maji kutoka sebuleni asubuhi na kupanga foleni ya lori la maji jioni, na katika hali kama hiyo mtu mwenye pampu moja na mipira miwili hushawishika. Maji yale yalikuwa yamepita kwenye mashimo ya vyoo vya mtaa mzima.

Nimeulizwa na wengi kwa nini sikununua pampu ya umeme ya kuzamisha, ambayo ni nyepesi, haina kelele, na haihitaji kujazwa maji tumboni kabla ya kuwashwa kama hii yangu. Jibu ni kwamba umeme ulikuwa umekatika, na hata ungekuwapo, nisingemruhusu mtu kuburuta waya ndani ya ua uliojaa maji. Kwa kazi ya mwisho mwisho, ya kukausha sentimita chache kwenye sakafu baada ya fundi kuukagua umeme, ile ya kuzamisha ni bora. Mwenye uwezo awe nazo zote mbili. Mwenye uwezo wa moja achukue ya petroli.

Utunzaji si mgumu ila unataka nidhamu. Kila baada ya kazi pampu ivutishwe maji safi kwa dakika tano, kwa sababu udongo laini ukikauka ndani ya tumbo hugeuka tofali, na isiwashwe ikiwa tumbo kavu hata kwa dakika moja, maana sili hupozwa na maji yenyewe. Petroli imwagwe yote na kabureta iachwe tupu. Uzito wake ni mkubwa, karibu kilo 50, na fremu yake haina magurudumu, jambo ambalo mtengenezaji angelirekebisha kwa gharama ndogo. Sisi tuliifunga kwenye toroli, na huko iko hadi leo.

Mvua kubwa za Aprili 2024, ambazo hazikuwa za kimbunga, zilileta maji uani kwa mara ya pili, safari hii hadi vifundoni tu. Mashine ilikuwa imekaa miaka miwili na nusu bila ya kazi ya maana, na iliwaka kwa kuvutwa kamba mara ya nne. Mpira wa kuziba mfuniko ndio uliokuwa umekauka na kupasuka, hivyo ikawa inanyonya hewa, nami nikalazimika kurudi Sohar kuutafuta, na aliyekuwa nao alikuwa duka lilelile. Uliuzwa riali 2. Mipira ya kunyonyea sasa imetundikwa mbali na mipira bapa, na kila fungu lina karatasi yake kwa Kiarabu na Kiurdu. Muuzaji alikuwa yuleyule, na alinikumbuka kabla sijafungua kinywa. Akaniuliza kama bado ninao ule mpira wake, nikamwambia kwamba ami anamwagilia nao mindimu.